Hesabu ya Hatua na Hesabu ya Uhai

Neno takwimu lina historia ifaayo kukumbukwa na kila atakaye kuzungumza juu ya hesabu za afya. Katika kamusi za zamani za Kiswahili neno hili halikuwa na maana ya hesabu za watu, mazao au vifo. Maana yake ilikuwa kalenda. Watu wa pwani walihesabu siku za mwaka wao tangu Nairuzi, wakazipanga kumi kumi, kila kumi ikaitwa mwongo. Na kwa hesabu hiyo walijua lini kaskazi itaanza kuvuma, lini kusi itashika zamu, lini jahazi litwekwe tanga na lini lipandishwe ufukoni. Haya hayakuwa maono wala ramli. Yalikuwa matunda ya kutazama mambo yale yale, mahali pale pale, kwa vizazi vingi, na kuyaweka moyoni yaliyotokea.

Basi aliyelihamisha neno hili kutoka kalenda hadi hesabu za mambo ya watu hakukosea. Takwimu mpya, kama ile ya kale, hutazama yaliyopita ili ikadirie yajayo. Lakini kalenda ya pwani ilikuwa na mpaka wake. Mwongo uliomwambia nahodha wa Lamu kuwa bahari imetulia haukumwambia mkulima wa Mbulu lini apande mtama. Kalenda ile haikuwa na uongo ndani yake. Ilikuwa kweli ya mahali fulani. Jambo hili ni dogo, lakini aghalabu husahauliwa katika zama hizi, ambapo mwendo wa mwili wa binadamu huandikwa katika nchi moja, kisha hesabu yake hutumiwa kubashiri afya ya watu wa nchi nyingine.

Chombo cha hesabu hizo mpya ni kidogo na chepesi. Huvaliwa mkononi kama saa, au hufungwa kiunoni, pajani au kifuani. Ndani yake mna kipande kiitwacho aksileromita, kihisicho mabadiliko ya mwendo kwa pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Mabadiliko hayo huandikwa mara nyingi katika kila sekunde, mchana na usiku. Vyombo vingine huandika mapigo ya moyo, na vingine hupokea habari za setilaiti vikajua mvaaji yuko wapi. Mkono ukitikisika, namba hupanda. Mkono ukitulia, namba hushuka. Chombo hakijui kama mkono ule unatwanga mahindi, unapiga makofi, au unamfukuza nzi. Kijuacho ni mtikisiko tu. Mengine yote, yaani hatua, dakika za mwendo wa haraka, saa za usingizi, ni makisio yafanywayo baadaye na wenye elimu ya hesabu.

Kazi ya kubashiri huanza hapo. Watu wengi huvaa chombo kwa siku kadhaa, na namba zao huwekwa akiba. Miaka hupita. Wengine huugua, wengine hufa, wengine huendelea na maisha. Ndipo wataalamu hurudi kuzitazama namba za kwanza na kuuliza: waliokufa walikuwa na mwendo gani, na waliosalia mwendo gani? Wakipata tofauti isiyoelekea kuwa ya bahati tu, huweka kanuni: kati ya watu 1,000 wenye mwendo kiasi hiki, huenda wakafa kadha wa kadha katika miaka mitano. Kanuni hiyo husema habari za watu 1,000. Haimjui hata mmoja wao kwa jina. Mtu akiisoma kana kwamba ni barua iliyoandikwa kwake peke yake, amekwisha kuipa kazi isiyoiweza.

Elimu hii haikuanza na saa za mkononi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za watumishi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa na ghorofa. Dereva alikaa kitini kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi kuliko madereva. Ilikuwa rahisi kusema, na wengi walisema, kwamba ngazi ndizo zilizowaponya. Lakini Morris hakuridhika na jibu la kwanza. Mwaka 1956 alitoa hesabu nyingine, iliyotokana na vipimo vya sare za kazi, akaonyesha kuwa madereva walivaa suruali zenye viuno vipana zaidi, hata wale vijana waliokuwa ndiyo kwanza waajiriwe. Maana yake ni kwamba watu wa kazi zile mbili hawakuwa sawa tangu mwanzo. Ngazi zilikuwa na sehemu yao, lakini hazikuwa habari nzima. Mwanafunzi wa takwimu akijifunza jambo hili moja, amejifunza nusu ya adabu ya elimu hiyo: mambo mawili yakifuatana, halazimiki moja kuwa ndilo lililolizaa jingine.

Yako na mafundisho ya upande wa pili. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ziliuzwa huko Japani mashine ndogo za kuhesabu hatua zenye jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Namba ile ilipendeza katika tangazo la biashara, ikaenea duniani, ikafanywa kama sheria. Wenye kuipima kwa subira walikuja baadaye sana. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi wa wanawake 16,741 wa Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72, waliovaa aksileromita. Wale waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikufa kwa uchache wa asilimia 41 kuliko wale waliotembea 2,700 hivi, na faida ilizidi kuonekana hadi karibu hatua 7,500, kisha ikasimama. Basi namba iliyotoka dukani ilikuwa imewasumbua bure wazee wengi, waliojiona wameshindwa kumbe walikuwa wamekwisha kupata wakitakacho.

Huko Uingereza, kati ya mwaka 2013 na 2015, watu zaidi ya 100,000 walivaa chombo kama hicho mkononi kwa muda wa wiki moja. Namba zao zimezaa kanuni nyingi za kubashiri maradhi ya moyo, kisukari na hata vifo. Ni kazi kubwa na yenye heshima. Hata hivyo waliovaa walikuwa watu waliojitolea wenyewe, na imethibitika kuwa wajitoleao katika uchunguzi huo wana afya njema zaidi kuliko umma wa Waingereza wenzao. Ikiwa hesabu ya Waingereza hao haiwaelezi sawasawa Waingereza wote, yafaa kuuliza itakuwaje ikisafirishwa hadi nyanda za Mbulu na Hanang.

Haydom ni mji mdogo ulio juu ya uwanda wa Mbulu, mkoani Manyara. Ni mahali penye jambo la ajabu kwa mpenzi wa lugha. Wairaqw, walio wengi, husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, wafugaji, husema lugha ya jamii ya Kiniloti. Wanyisanzu na Wanyiramba husema lugha za Kibantu. Wahadzabe, wawindaji na wachimbaji wa mizizi, wana lugha yenye sauti za midoko, isiyopatikana ndugu yake wa hakika popote. Watu hao wote hukutana sokoni na hospitalini, na Kiswahili huwaunganisha. Hospitali ya Kilutheri iliyoanza kazi hapo mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Norwei sasa ni mali ya Dayosisi ya Mbulu, nayo ni hospitali ya rufaa kwa watu wa vijiji vingi, wengine wakitoka mbali sana.

Kati ya watu hao, Wahadzabe ndio waliovutia zaidi macho ya wapimaji wa mwendo. Wanaishi katika Bonde la Yaeda, lisilo mbali na Haydom, na kandokando ya Ziwa Eyasi. Idadi yao hukadiriwa kuwa 1,000 na ziada. Wachache kati yao wangali wakijipatia sehemu kubwa ya chakula kwa upinde, kwa mti wa kuchimbia na kwa kurina asali. Wataalamu kutoka vyuo vya Marekani na kwingineko walikuja na mikanda ya kifuani, saa za mkononi na vyombo vya setilaiti, wakawaomba wavae.

Habari zilizopatikana zimekuwa maarufu. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa watu wazima 30. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, na wanawake kilomita 5.8. Kila mtu alitazamia kusikia kuwa watu hao huchoma nguvu nyingi za chakula kuliko watu wa mijini. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, nguvu walizotumia kwa siku zilikuwa sawa na za Wamarekani na Wazungu wakaao vitini. Mwili, yaonekana, una namna yake ya kupanga matumizi, kama mwenye nyumba ambaye akizidisha fungu hili hupunguza fungu lile. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Wahadzabe walikuwa na mwendo wenye kuupa moyo kazi kwa dakika 135 hivi kila siku, ambapo Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wapate walau dakika 150 kwa wiki nzima. Damu zao hazikuwa na presha ya kutisha wala mafuta mabaya kwa wingi.

Mwaka 2020 vyombo vilivyofungwa mapajani vilionyesha kuwa watu hao hao hupumzika karibu saa 10 kila siku, sawa na watu wa maofisini. Tofauti ilikuwa katika namna ya kupumzika. Hawakai vitini, huchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea na kazi ndogo ndogo. Kiswahili kina neno chuchumaa, tofauti kabisa na neno keti. Lakini chombo kifungwacho mkononi hakina maneno hayo mawili: kwake yote ni kutulia. Ilibidi watu watazame kwa macho na kuongeza vyombo vya kupima misuli ndipo namba ikapata maana.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa usingizi. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017, watu wazima 33 wa kambi za Wahadzabe walivaa saa za kupima usingizi kwa siku 20. Walilala na kuamka kwa nyakati mbalimbali, wazee wakitangulia kulala na kutangulia kuamka, vijana wakichelewa. Katika usiku wote wa siku zile 20, muda ambao watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Namba hizo zikipelekwa kwa kanuni iliyofunzwa mjini, huenda ikasema: huyu huamka mara nyingi, usingizi wake ni mbovu, ana hatari. Kumbe kwa watu walalao porini, kuamka kwa mmoja ni ulinzi wa wengine. Namba ni ile ile, na maana zake ni mbili.

Hapo ndipo lilipo swali gumu zaidi. Kanuni ya kubashiri kwa mwendo hufunzwa kwa vifo. Hujifunza kwa vifo vya watu waliovaa vyombo, na vifo vya watu hao kwa sehemu kubwa ni vya uzeeni: moyo, saratani, kiharusi. Je, Mhadzabe hufa kwa nini? Hesabu zilizokusanywa na wataalamu katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 zilionyesha kuwa kati ya kila watoto 5 waliozaliwa, takriban 1 alikufa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawakufika miaka 15. Aliyefika miaka 45 aliweza kutazamia miaka mingine 20 hivi. Watu wazima walikufa kwa homa, kwa kifua kikuu, katika uzazi, na wengine kwa kuanguka kutoka mibuyu mirefu wakirina asali. Chombo cha kuvaa hakina la kusema juu ya mambo hayo. Kijana wa Yaeda akipimwa kwa kanuni ya London, ataandikwa katika safu ya walio salama kabisa, na kanuni haitakuwa na kosa la hesabu hata moja. Itakuwa imebashiri kwa usahihi kwamba hatakufa kwa kifo ambacho hakikuwa kikimngoja.

Wala jambo hili si la Wahadzabe peke yao. Mwanamke wa kijiji cha Mbulu aendaye kisimani na kurudi na ndoo kichwani, kisha akaenda kuni, kisha akaenda zahanati na mtoto mgongoni, atakuwa na hatua nyingi kuliko mwalimu wa mazoezi wa mjini. Chombo kitamsifu. Lakini hatua zake nyingine ni upungufu wa bomba, na nyingine ni upungufu wa barabara. Kuna mwendo wa hiari na mwendo wa shida, na aksileromita huvihesabu kwa sarafu moja. Mtawala mvivu aweza kuitazama hesabu hiyo akasema: watu hawa wana afya, hawahitaji kitu. Hapo takwimu itakuwa imegeuza shida kuwa sifa.

Je, basi ni afadhali vyombo hivi vikataliwe Haydom? La. Jibu limo ndani ya mji huo huo, katika wodi ya wazazi.

Mtoto azaliwapo bila kupumua, muda wa kumwokoa ni mfupi kuliko muda wa kuusimulia. Hospitali ya Haydom ilianza kuhesabu muda huo kwa sekunde. Watu waliofunzwa walisimama kando ya vitanda wakiandika: mtoto ametoka lini, amepumua lini, amepewa hewa kwa barakoa lini. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya watoto 5,689 waliozaliwa hai. Wengi mno walipumua wenyewe katika dakika ya kwanza. Kati ya waliohitaji kupewa hewa, kila sekunde 30 za kuchelewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu. Hiyo ni takwimu, nayo ni ubashiri. Lakini tazama ilivyo tofauti na ile ya hatua. Ilitoka katika wodi ile ile itakayoitumia. Ilihusu kifo kile kile kinachowajia watoto wa mahali pale. Na mkunga aliyeisikia alikuwa na barakoa mkononi.

Baadaye vikaja vyombo vya kuvaa katika wodi hiyo pia. Kimoja kiliitwa Moyo, kwa Kiswahili safi. Hufungwa tumboni mwa mama aliye katika uchungu, nacho huandika mapigo ya moyo wa mtoto aliye ndani. Kingine, NeoBeat, huvishwa kifuani mwa mtoto mchanga mara atokapo, na katika muda mfupi mapigo yake yaonekana. Mvaaji wa saa ya mkononi hubashiriwa mambo ya miaka kumi ijayo. Mvaaji huyu mdogo hubashiriwa mambo ya dakika ijayo, na kwa hiyo ubashiri wake hauna wakati wa kugeuka kuwa mapambo.

Hata hivyo namba peke yake haikumwokoa mtoto. Hili nalo lilipimwa. Wakunga wa Haydom walipopewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto kupumua, walifanya vizuri mbele ya mwanasesere wa kujifunzia, lakini kazi yao wodini haikubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, mwanasesere akiwa karibu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ukaenezwa katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, na mwaka 2025 ilitangazwa kuwa vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Mwenye kuziona namba hizo kuwa ndogo na azidishe kwa idadi ya watoto wanaozaliwa Tanzania kila mwaka.

Ingekuwa vyema kukomea hapo, lakini ukweli wadai neno moja zaidi. Si kila takwimu iliyotoka mahali pake huleta dawa yake. Tangu mwaka 2009 watoto wa vijiji vya Haydom walifuatwa tangu kuzaliwa, pamoja na watoto wa nchi nyingine saba, ili ijulikane kwa nini wengine hudumaa. Ilionekana kuwa wengi hubeba matumboni vijidudu vya maradhi hata wasipoharisha, na vijidudu hivyo vilifuatana na kudumaa. Hitimisho lilionekana liko wazi: viondolewe, watoto watakua. Watoto 1,188 wakaingizwa katika jaribio la dawa, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Walipofika miezi 18, waliopewa dawa hawakuwazidi wenzao kwa urefu. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema. Lakini kuyafukuza mawingu si kazi ya mtu aliyejua kuyatazama tu. Sifa ya wapimaji wale ni kwamba waliijaribu dhana yao na kuyatangaza matokeo, wakati wangaliweza kuihubiri bila kuijaribu.

Mambo haya yote yangekuwa ya wataalamu peke yao kama vyombo vya kuvaa vingebaki mikononi mwa wataalamu. Havikubaki. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana wa Haydom yaweza kuhesabu hatua zake bila ya yeye kuombwa. Huko Afrika ya Kusini kampuni ya bima Discovery, kwa mpango wake wa Vitality ulioanza mwaka 1997, huwazawadia wanachama wafanyao mazoezi, na vyombo vya kuvaa hutumika kuthibitisha. Tanzania ilipata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika 2023, na mwaka huo huo wa 2023 ikapatikana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hapana shaka siku moja mtu atakuja na shauri la kuyaunganisha: hesabu ya mwendo upande huu, ada na huduma upande ule. Siku hiyo itafaa aulizwe mambo matatu kabla hajasikilizwa. Kanuni yako ilifunzwa kwa vifo vya nani? Hatua unazozihesabu ni za hiari au za shida? Na mtu akibashiriwa hatari, ni nani aliye karibu naye mwenye kitu mkononi?

Swali la tatu ndilo zito. Kijiji kisicho na zahanati hakifaidiki kwa kujua wepesi wa maradhi yake. Kumwambia mtu kwamba ana hatari, kisha kumwacha alipo, ni kumwongezea hofu juu ya ugonjwa. Na kuchukua namba za mwili wake, kuzipeleka mbali, zikawafundisha wengine namna ya kuketi na kulala, ilhali mtoto wake hajapata chanjo, ni biashara isiyo na mizani.

Kiswahili kina neno moja, hatua, kwa unyayo unaotangulia unyayo mwingine, na pia kwa tendo lifanywalo ili jambo lisonge mbele. Chombo cha mkononi huhesabu hatua za namna ya kwanza tu. Wakunga wa Haydom hujulikana kwa zile za namna ya pili: mtoto ametoka, hakulia, barakoa imewekwa usoni, na mtu amekwisha kuanza kuhesabu sekunde.